Shangazi wa Maleba Anajibu: Gesti ya Mzee Hardcastle

Toleo lililopita niligusia tu kwamba kila kiangazi wanafunzi wa vyuo vya Uingereza hubeba futuhi za zamani, yaani michezo ya kuchekesha, za Shakespeare, za Goldsmith, za Wilde, wakaenda kuzicheza katika majumba makubwa ya mashambani, yale yaliyojengwa na malodi na ambayo leo mtu hukata tiketi kuyaingia. Barua zilizonijia zimezidi hata zile za toleo la harusi. Kwa msomaji mgeni: mimi ni mshonaji. Nimezaliwa Pangani, nimezeekea Sheffield, na sehemu kubwa ya umri wangu imepita nyuma ya pazia, pini mdomoni, nikimziba mwanafunzi suruali iliyopasuka huku mwenzake yuko jukwaani anavuta muda. Barua nimezifupisha na majina nimeyaficha.

*Shangazi, shikamoo. Nasoma uhandisi kaskazini mwa Uingereza, kwetu ni Moshi. Kikundi cha maigizo cha chuo chetu kinaandaa She Stoops to Conquer, na mwezi wa sita tutaicheza ndani ya jumba la karne ya kumi na nane. Nilikwenda kwenye usaili, nikapewa Diggory. Diggory ni mtumishi! Mabwana wote wamepewa wazungu, mweusi ni mimi peke yangu, na kazi yangu ni kubeba sahani. Kaka yangu anasema nikatae. Mwongozaji anasema hakuna nafasi ndogo. Nifanyeje?* — Mwana wa Moshi

Marahaba mwanangu. Kwanza niwape wenzio mkanda wenyewe, maana wengi hawajauona. Vijana wawili wa mjini, Marlow na Hastings, wako safarini kwenda kwa Mzee Hardcastle, ambako Marlow anatazamiwa kumchumbia binti wa nyumba, Kate. Usiku wanapotea njia. Kwenye kilabu cha pombe wanamkuta Tony, mtoto wa kufikia wa Hardcastle, kijana mtundu asiye na kazi maalumu, naye anawaelekeza kwenye "gesti nzuri" iliyo karibu. Gesti hiyo ni nyumba ya Hardcastle mwenyewe. Basi Marlow anaingia kwa baba mkwe mtarajiwa akimdhani mwenye gesti: anamkatiza hadithi zake za vita, anadai orodha ya chakula, anawaachia watumishi wake walewe. Mzee ameduwaa, hajui kama huo ndio ustaarabu wa siku hizi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa hata usiku mmoja haujesha, Hardcastle anatafuta jembe lilipo.

Oliver Goldsmith, Mwairishi, aliutoa mchezo huu London mwaka 1773, katika ukumbi wa Covent Garden. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe ujanani alielekezwa kwa mzaha vivyo hivyo kwenye nyumba ya bwana mmoja huko Ardagh, Ireland, akaagiza chakula na kitanda kwa lafudhi ya mtu mwenye pesa.

Sasa fungua mwanzo wa tendo la pili. Hardcastle anataka wageni wadhani ana wahudumu wengi wa mezani, kwa hiyo amewakusanya watu wa shamba. Diggory ametolewa ghalani, Roger ametolewa kwenye plau. Anawafundisha: mikono isiwe mfukoni, msiongee, msitamani chakula cha wageni, na nikisimulia hadithi msicheke. Diggory anajibu moja moja. Mikono yake ameikakamaza, anaeleza kwamba ndivyo alivyofundishwa kwenye gwaride la mgambo. Kutotamani chakula hakuwezekani: akiona watu wanakula, naye hutaka tonge. Na kuhusu kucheka, bwana mkubwa, basi usisimulie ile ya mzee Grouse kwenye chumba cha bunduki, kwa sababu hiyo tumeicheka miaka ishirini na hatuwezi kujizuia. Mzee anaangua kicheko, anasema haya, hiyo mnaruhusiwa.

Nimewavalisha Diggory wengi. Anayeicheza sehemu hiyo kwa kurukaruka na kukodoa macho, hadhira humcheka kidogo, halafu humsahau. Anayesimama wima, mkakamavu, mwenye nia njema kabisa ya kutii, na kila amri ikamshinda kwa sababu za kweli, huyo hupigiwa makofi akitoka, na Marlow akiingia hukuta watu bado wanafuta machozi. Ukichunguza futuhi hizi utaona asiyejua kinachoendelea nyumbani ni mwenye nyumba. Mtumishi anajua. Lane, mtumishi katika mchezo wa Wilde, anamdanganyia bwana wake bila kupepesa jicho kwamba asubuhi ile sokoni hapakuwa na matango, hata kwa pesa taslimu. Maria wa Shakespeare anaandika barua moja tu na msimamizi mzima wa nyumba, Malvolio, anavaa soksi za njano.

Hilo ni la sanaa. La rangi ni jingine, na sitalifunika kwa hilo la kwanza. Kauli ya "hakuna nafasi ndogo" nimeisikia zaidi kutoka kwa watu wenye nafasi kubwa. Mwulize mwongozaji, kwa upole na mbele ya mtu mwingine: siku ya usaili nilisomeshwa maneno ya Marlow? Ya Hastings? Kama wenzako wote walisomeshwa sehemu mbalimbali na wewe ulipewa za mtumishi tu, unayo haki ya kuuliza kwa nini, na jibu la "ndivyo ilivyokuwa zamani" usilikubali. Ilivyokuwa zamani ni hivi. Mwaka uleule wa 1773, katika jumba la Kenwood, London, alikuwa anakua Dido Elizabeth Belle, mtoto wa mama mtumwa Mwafrika na baba ofisa wa jeshi la majini, akilelewa na Lord Mansfield, jaji mkuu, mjomba wa baba yake. Ipo picha ya mwaka 1779 inayomwonyesha akiwa na binamu yake, wamevaa hariri. Na Ignatius Sancho, aliyezaliwa utumwani, alikuwa mtumishi katika nyumba ya akina Montagu, akachorwa na mchoraji Gainsborough mwaka 1768, akatunga muziki, akawa mpenzi mkubwa wa tamthilia, akafungua duka Westminster na kupiga kura ya ubunge mwaka 1774. Mwongozaji anayetaka Marlow mweusi hahitaji kuomba radhi kwa historia.

Jumba lenyewe pia lina la kusema. Shirika la National Trust, linalohifadhi majumba ya kale, lilichapisha ripoti mwaka 2020 iliyotaja mali zake 93 zenye uhusiano na ukoloni au utumwa. Huko kaskazini uliko kuna Harewood House, iliyoanza kujengwa mwaka 1759 na familia ya Lascelles, ambao utajiri wao ulitoka kwenye sukari na watumwa wa Barbados. Mwigizaji David Harewood, yule aliyekuwa mweusi wa kwanza kumcheza Othello katika National Theatre mwaka 1997, ana mababu waliokuwa watumwa kwenye mashamba ya familia hiyo. Ndiko lilikotoka jina lake. Mwaka 2023 picha yake ilitundikwa ndani ya jumba hilo, pamoja na za malodi.

Kwa hiyo: uliza. Kama jibu ni la kuridhisha, mcheze Diggory, na mwombe mshonaji koti la sare ambalo ni wazi lilishonewa mtu mwingine, mikono imezidi kidogo, ili kila unapokakamaa vidole vipotee. Kama jibu halikuridhishi, kaka yako ana haki.

*Shangazi, habari za huko. Binti yangu anasoma sheria Uingereza. Ametutumia video anacheza Viola, amevaa nguo za kiume, kwenye sebule ya jumba la watu, watazamaji wamekaa kandokando ya ukuta. Kwani chuo hakina ukumbi? Na sheria na michezo ya kuigiza wapi na wapi? Ada nalipa mimi.* — Baba wa msichana, Kisauni, Mombasa

Njema, baba. La sheria ni rahisi. Mchezo huo anaoucheza binti yako, Twelfth Night wa Shakespeare, ndiyo ile ya Maria na Malvolio, habari yake ya kwanza tuliyonayo imeandikwa na mwanafunzi wa sheria. Jina lake John Manningham, na katika shajara yake ameandika kwamba tarehe 2 Februari 1602 waliutazama kwenye karamu ya Middle Temple, chuo cha mawakili cha London, na kwamba kilichomfurahisha zaidi ni yule msimamizi wa nyumba kudanganywa kwa barua. Ukumbi ule upo hadi leo na mawakili bado hula humo. Kabla ya hapo, tarehe 28 Desemba 1594, wanasheria wa Gray's Inn, chuo kingine cha mawakili, walichezewa The Comedy of Errors, yaani Futuhi ya Makosa, na umati ulivurugika kiasi kwamba wenyewe waliuita Usiku wa Makosa. Binti yako yuko kwenye mila ya kazi yake.

Kuhusu sebule: ukumbi wenye pazia na viti vilivyopangwa ndio mgeni, sebule ndiyo mwenyeji. Nyumba kubwa za Kiingereza za wakati wa Shakespeare zilikuwa na baraza kuu la kulia, na upande mmoja wa baraza ukuta wa mbao wenye milango miwili ya kuendea jikoni. Milango miwili na watu walioshiba: waigizaji wa kusafiri hawakuhitaji zaidi. Tauni ilipofunga kumbi za London mwaka 1603, mfalme James alikuwa kwa mwenyeji wake huko Wilton House, Wiltshire, na tarehe 2 Desemba kampuni ya Shakespeare ilicheza mbele yake hapo nyumbani. Walilipwa pauni 30. Baadaye, sheria ya mwaka 1737 ilipobana tamthilia za London zibaki kwa kumbi mbili tu zenye kibali, matajiri walizidi kuchezesha michezo majumbani mwao. Duke wa Marlborough aligeuza banda la michungwa la jumba lake la Blenheim kuwa ukumbi, wakacheza wanawe na marafiki zao.

Mambo hayo yalikuwa na hatari zake. Ufaransa, tarehe 17 Agosti 1661, Nicolas Fouquet, waziri wa fedha, alimkaribisha mfalme Louis wa 14 kwenye jumba lake jipya la Vaux-le-Vicomte, akampa chakula, fataki, na futuhi mpya ya Molière, mtunzi wa Kifaransa, iliyochezwa bustanini, iliyotungwa na kufanyiwa mazoezi kwa siku kumi na tano tu. Jumba lilipendeza kupita kiasi cha waziri. Tarehe 5 Septemba Fouquet alikamatwa na d'Artagnan, yule askari wa riwaya ya Three Musketeers, ila huyu wa kweli, na alikufa gerezani mwaka 1680. Molière hakuguswa. Kucheza kwenye nyumba ya mtu na kuimiliki ni vitu viwili tofauti.

Na nguo za kiume, baba, naomba uniamini mimi niliyezishona. Koti la Viola hufika magotini na hufungwa vifungo hadi shingoni. Hata mahari yake unaweza kupokea akiwa amelivaa. Wakati wa Shakespeare wanawake hawakuruhusiwa jukwaani, kwa hiyo Viola alikuwa mvulana anayeigiza msichana anayejifanya mvulana. Wanawake walianza kuruhusiwa mwaka 1660. Binti yako anachukua nafasi iliyokuwa ya mvulana kwa zaidi ya nusu karne. Ada yako haijapotea.

*Shangazi, naomba msaada wa haraka. Mimi ni meneja wa jukwaa, mara yangu ya kwanza. Tunacheza Much Ado About Nothing kwenye ukumbi mrefu wa ghorofani wa jumba la kale, na tendo la mwisho bustanini. Mhifadhi wa jumba ametuma masharti marefu kuliko mchezo wenyewe. Hatutakiwi kupiga msumari, kubandika utepe, kuwasha mshumaa, kuleta maua, kula, wala kuvaa visigino vyembamba. Maua yamewakosea nini?* — Mwanafunzi, Nottingham

Maua huja na wadudu. Ndani ya nyumba ile kuna mazulia ya sufu na mapazia ya hariri yaliyofumwa kabla babu wa babu yako hajazaliwa, na buu wa nondo hula sufu mchana na usiku. Makombo ya keki hualika wadudu wengine na panya. Ukielewa sababu hutagombana na mhifadhi, naye akiona umeelewa atakusaidia, nami nimeshamwona mhifadhi aliyeanza kwa kukunja uso akamalizia kwa kushika tochi nyuma ya mlango kila usiku.

Twende moja moja, ila si yote, mengine utayajua ukiyafikia.

Mwanga huunguza nguo na rangi za picha polepole, na kilichofifia hakirudi. Wahifadhi hupenda vitu vya kitambaa visipate zaidi ya laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), ambao ni mwanga hafifu kweli. Taa zako za jukwaa ni kali mara nyingi zaidi. Kwa hiyo zielekeze mbali na zulia la ukutani, tumia taa za LED zisizotoa joto, zisimamishe kwenye nguzo zake zenye mifuko ya mchanga na chini uweke kitambaa kinene, wala usiziegemeze popote. Lakini fikiria kwanza kama unazihitaji. Mwishoni mwa mwezi wa sita jua la Nottingham linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Ukianza saa moja jioni, madirisha ya ukumbi ule yatakufanyia kazi karibu mchezo mzima bila malipo, na waliojenga ukumbi huo walitaka hivyo.

Utepe wa kunata ukiubandua huondoka na vanishi, na kwenye ukuta wenye dhahabu huondoka na dhahabu. Alama za waigizaji kusimama zifanye kwa vipande vya zulia, au uwafundishe wasimame kwa kuangalia dirisha la tatu. Msumari hata usiutaje mbele ya mhifadhi. Visigino vyembamba hukusanya uzito wote wa mtu kwenye eneo la senti moja na kutoboa mbao. Wavalishe viatu bapa, ambavyo kwa wanawake wa karne ya kumi na sita ndivyo sahihi zaidi. Mshumaa wa betri unatosha. Moshi wa mashine usahau, kengele za moto za majumba hayo huita gari la zimamoto zenyewe.

Viti vya nyumba msivikalie. Leteni vyenu vilivyochakaa, tena vichakae waziwazi, ili hata mtazamaji ajue Benedick hajakalia urithi wa taifa.

Kumbi hizo ni ndefu mno na nyembamba. Wa Montacute House, ambao ndio mrefu kuliko yote ya aina yake iliyobaki Uingereza, una mita 52. Mkiwapanga watazamaji upande mmoja wa mwisho, wa nyuma wataona visogo. Wapange pande mbili ndefu, waangaliane, waigizaji wapite katikati. Watacheka zaidi, maana kila mmoja anaona jirani anavyocheka. Sauti itagonga mbao na kurudi. Waambie waigizaji wamalize kila neno kabla ya kuanza jingine, hasa Beatrice, ambaye kwa kawaida hupewa msichana anayeongea upesi.

Sasa lililo muhimu kuliko taa na viti. Mwombe mhifadhi akuonyeshe ngazi za watumishi. Karibu kila jumba la aina hiyo lina ngazi nyembamba nyuma ya ukuta, na milango iliyofichwa kwa karatasi au mbao zilezile za ukuta, ili mtu wa kubeba makaa ya moto na vyungu vya usiku apite bila mabwana kumwona. Jengo zima limepangwa kuwaficha wafanyakazi, na wewe ndiye uliyerithi njia zao. Waigizaji wako watatoka upande huu wa ukumbi na kutokeza upande ule kwa sekunde chache, mtu atapokea koti jipya gizani, na watazamaji hawatajua kapita wapi. Katika jumba moja la Midlands, ambalo silitaji, tuligundua mlango wa namna hiyo wiki ya mwisho ya mazoezi, na Don John wetu, yule mwovu wa mchezo, akawa anatokeza ukutani kila jina lake linapotajwa vibaya. Hatukubadilisha neno hata moja la mchezo na kicheko kiliongezeka maradufu. Hesabu ngazi zake lakini, na uziwekee taa ndogo miguuni, kwa sababu hazikujengwa kwa mtu anayekimbia na sketi pana.

Bustanini utapambana na mvua, ndege za abiria na tausi. Mvua ina mpango wake: uwe nao umeandikwa, na uamuzi uwe wa mtu mmoja, saa moja kabla. Ndege ya abiria ikipita, mwigizaji asipaze sauti, anyamaze tu na aitazame. Tausi akilia, mpe nafasi yake. Nimemwona mwanafunzi mmoja akimgeukia tausi, akamwinamia kwa heshima zote, kisha akaendelea na mstari wake. Watu walimpigia makofi kuliko alipotamka maneno yote ya Shakespeare.

*Shangazi, mimi ndiye Algernon katika The Importance of Being Earnest. Tendo la kwanza nakula sandwichi za matango, la pili nakula mafini, na yote nayala huku naongea. Jana nimepaliwa mbele ya wazee wa bodi ya jumba. Chakula kinaruhusiwa chumba kile kimoja tu. Nisaidie.* — Nimekabwa, Reading

Pole. Wilde aliujua mtego huo mwaka 1895 na akaupenda: mtu anayekula kwa utulivu wakati maisha yake yanaporomoka. Mkate uwe mweupe, bila maganda, umebanwa kwa kijiti cha kusukumia chapati mpaka uwe mwembamba kabisa. Siagi kidogo. Tango limenywe, litolewe mbegu, lipakwe chumvi, likamuliwe kwa kitambaa. Kata vipande vya kumeza kwa mara mbili. Mafini ndiyo muuaji, imekauka. Mwambie mpishi aoke keki laini yenye umbo la mafini, ailoweshe kidogo kwa maji ya sukari. Neno lisemwe kabla ya tonge au baada yake, kamwe si katikati. Ukishindwa, Algernon achukue tonge, alishike, aongee akilitazama kwa mapenzi. Hiyo nayo huchekesha, na koo linabaki salama.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili Tanga. Nimesoma habari zako za majumba ya wazungu nikafikiri, nasi tuna nyumba ya zamani ya mfanyabiashara mmoja, ya ghorofa, ina baraza na ua, mwenyewe yuko tayari kutuazima. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wanataka Mabepari wa Venisi. Itafaa? Na watu wa kwetu watacheka kweli vichekesho vya Uzunguni?* — Mwalimu, Tanga

Marahaba mwalimu, umenikumbusha nyumbani. Nianze na kicheko. Mwezi wa nne mwaka 2012, ukumbi wa Globe wa London uliita vikundi vya dunia vicheze Shakespeare kila kimoja kwa lugha yake. Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor, ikaitwa Wanawake wa Heri wa Winsa, wakacheza waigizaji wa Kenya pamoja na Mrisho Mpoto wa Tanzania, ambaye ndiye aliyekuwa Falstaff. Mzee mnene anawaandikia wake za watu wawili barua ya mapenzi moja ileile, wanawake wanalinganisha barua, wanampanga, anaishia kwenye kapu la nguo chafu. Umwambie mtu gani wa Chumbageni asicheke?

Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere, ya mwaka 1969, ni tafsiri ya kuheshimiwa, na katika kitabu cha kwanza cha kazi za Shakespeare cha mwaka 1623 mchezo huo umepangwa miongoni mwa futuhi. Lakini ukitaka ushauri wa mshonaji, si ya kuanzia. Kesi ya Shylock huondoa kicheko chote uani, na inapasa iondoe: Myahudi anadhalilishwa na kulazimishwa kubadili dini huku mabwana wanafurahi. Wanafunzi wako wataicheza vizuri wakishaiva. Ichukue mwakani.

Kwa nyumba ya mfanyabiashara mimi ningekupa Mchuuzi Mwungwana. Ndiyo ile ya Molière, iliyochezwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Oktoba 1670 ndani ya kasri la mfalme huko Chambord, muziki ukiwa wa Lully. Bwana Jourdain ametajirika kwa biashara ya vitambaa ya babake, sasa anataka kuwa mwungwana. Anaajiri mwalimu wa muziki, wa kucheza ngoma, wa upanga na wa falsafa, nao wanapigana mbele yake kila mmoja akidai somo lake ndilo bora. Anaambiwa kwamba maneno anayosema kila siku yanaitwa nathari, anafurahi mno kugundua kwamba ameisema miaka arobaini bila kujua. Mtumishi wa kike, Nicole, anapomwona na nguo zake mpya anacheka mpaka anashindwa kusimama, na kadiri bwana anavyomkataza ndivyo anavyozidi. Sehemu hiyo mpe msichana wa mwisho darasani kwa kunyamaza.

Watazamaji wakae uani, watoto mbele kwenye mkeka. Jourdain na walimu wake wawe barazani, mkewe atokee ndani kwa mlango mkubwa kila mara akiwa na neno la kumrudisha duniani. Ghorofani dirishani awepo binti na mchumba wake, maana baba hamtaki kijana huyo, anataka mkwe mwenye cheo. Ngazi zikaguliwe na fundi kabla ya zoezi la kwanza, na usiwaruhusu zaidi ya watatu juu kwa wakati mmoja. Umeme usiutegemee: anzeni saa kumi alasiri mmalize kabla ya magharibi. Mwenye nyumba mweke kiti cha mbele, lakini mweleze hadithi mapema, asije akadhani Jourdain ni yeye.

Maleba ya Jourdain nitumie vipimo vyake: kifua, kiuno, urefu wa mkono, na kichwa kwa ajili ya kilemba cha tendo la nne, pale anapodanganywa kwamba mwana wa Sultani wa Uturuki amekuja kumposa binti yake. Nina kitambaa cha maua chekundu na kijani ambacho hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekivaa. Kitapanda meli na mizigo ya mdogo wangu mwezi ujao.